Mwanangu anafuta majibu sahihi ili wasimcheke

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Nakuandikia kuhusu binti yangu wa katikati, ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Tangu akiwa mdogo kichwa chake ni chepesi mno. Kusoma hakufundishwa na mtu. Alianza na vipande vya magazeti vinavyofungiwa vitumbua, akawa ananiuliza, "Mama, hii habari inaishia wapi?" kwa sababu karatasi imechanika katikati. Siku hizi anasoma vitabu vya kaka yake wa darasa la saba, na hesabu za huyo kaka anazipiga kwa kichwa.

Kwetu ni watu wa kucheka. Mume wangu mcheshi, na wadogo zake ni hivyo hivyo. Mmoja wao ndiye aliyempa mtoto jina la Profesa, na sasa mtaa mzima unamwita hivyo. Idd iliyopita tulikusanyika kwa mama mkwe. Baada ya chakula, huyo baba yake mdogo akamsimamisha katikati ya ukumbi akaanza kumpiga maswali: 17 mara 24 ni ngapi, mji mkuu wa nchi fulani ni upi. Kila akipatia anapewa noti ya elfu moja na watu wanapiga makofi. Kisha akamgeukia kaka mtu: "Na wewe je? Mdogo wako huyu ni wa Kilakala. Wewe tutakupeleka shule ya kata ukachunge mbuzi wa mwalimu." Watu wakavunjika mbavu. Kijana wangu naye alicheka. Usiku hakula.

Mume wangu ana la kwake. Wageni wakimsifia binti, yeye husema, "Akili anazo, ila kuosha kikombe hajui. Huyu nani atamwoa?" Nikimwomba aache ananiambia anamkinga na kijicho, na tena utani ni utani, mtoto asilelewe kama yai.

Shuleni, binti huwa anamkosoa mwalimu mbele ya wenzake, na mwalimu akishakosolewa huliambia darasa, "Haya, muulizeni bosi wangu." Wakati wa mapumziko wenzake wanamwita Bosi, na kwenye rede hawamchagui.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Juzi nilikagua daftari lake la hisabati. Jaribio la maswali 20, amepata 11. Nikaona karatasi imekwaruzika kwa kufutwa. Nilipoliinua daftari kwenye mwanga wa dirisha, nikaona chini ya kila jibu la kosa kuna jibu sahihi lililofutwa kwa raba. Nikamuuliza. Akasema, "Nikipata zote watacheka."

Shangazi, nipige marufuku utani nyumbani? Nimzungumzieje mbele za watu bila kuonekana najisifu, na bila kumshusha? Na baba yake anataka arushwe darasa. Nikubali?

Mama mwenye wasiwasi, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo daftari. Mtoto anayepata jibu, akalifuta, kisha akatafuta kosa linalofanana na kosa la kweli, amefanya kazi mara mbili ya wenzake. Hajashuka akili wala hajawa mvivu, kwa hiyo zile alama 11 usimgombeze kwa ajili yake. Ameona kwamba kila akijua, anawapoteza watu, akaamua kujificha. Wanaofundisha watoto wenye vipaji wanalijua jambo hili vizuri, na kwa wasichana hujitokeza zaidi wanapokaribia kubalehe. Wako ameanza mapema. Linalonipa moyo ni kwamba ulipomuuliza alikwambia ukweli, tena kwa sentensi moja. Bado anakuamini. Usimzungushe kwa mahubiri. Mwambie umeyaona majibu yake sahihi, umeyapenda, na suala la kuchekwa ni kazi ya watu wazima kulishughulikia.

Utani usiupige marufuku. Ukifanya hivyo, nyumba nzima itajua kwamba kicheko kimekufa kwa sababu ya Profesa, na mzigo utamrudia yeye. Kinachotakiwa ni kuurudisha utani kwenye taratibu zake, maana sisi watu wa huku tuna utani wenye sheria zake, wala si jambo la kila mtu kumrushia kila mtu. Mtazame Mzaramo na Mnyamwezi, au Mchaga na Mpare. Mtani anaweza kuja msibani akawazuia watu wasitoe jeneza mpaka apewe chochote, na mfiwa asikasirike. Hakasiriki kwa sababu msiba ukihamia kwa mtani, yeye naye atamfanyia yale yale. Na huyo huyo mtani ndiye anayechota maji, anayekesha, anayeshika jembe makaburini. Anakutania na anakubeba. Babu na mjukuu nao ni hivyo: babu atamwita mjukuu "mke wangu", mjukuu atamjibu "mume gani huna meno", na hakuna atakayesema mtoto kakosa adabu.

Sasa rudi kwenye ule ukumbi. Baba mdogo ni baba. Kwa desturi za wengi wetu yeye na mtoto wa kaka yake wana malezi na heshima kati yao, utani hawana. Akimtania, mtoto hana ruhusa ya kujibu. Hebu fikiri binti angemwambia, "Na wewe baba mdogo, kidato cha nne ulipata divisheni ngapi?" Kicheko kingekatika pale pale na mtoto angeambiwa hana nidhamu. Na mwalimu ni hivyo hivyo. Mkubwa akirusha na mdogo akipokea tu bila kurudisha, anachosikia mtoto ni hukumu, hata kama maneno yenyewe yalikuwa matamu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema wazee, na kwenu umeshatumbuka kwenye daftari la hisabati.

Lakini wewe una bahati moja ambayo huenda hujaifikiria. Huyo bwana ni shemeji yako, na shemeji ni mtani wako halali. Tumia nafasi hiyo. Mkikutana tena, kabla hajaanza, mwambie mbele ya watu: "Shemeji, leo zamu imegeuka. Watoto wote wanauliza, unajibu wewe, na ukikosa unatoa elfu moja." Waache watoto wamuulize wanachokijua wao: majina ya wachezaji, mnyororo wa baiskeli unafungwaje, kwenye rede mtu akidakwa inakuwaje. Kaka mtu aulize wa kwanza. Watu watacheka kuliko ile Idd, na hakuna atakayelala na njaa. Baadaye, pembeni, mweleze bila utani wowote kwamba kijana hakula usiku ule. Nadhani hajui. Watu wengi wacheshi hawajui, kwa sababu waliowaumiza walicheka pamoja nao.

Maonyesho ya maswali kwa noti yakome kabisa, hata kama mtoto mwenyewe anaonekana kuyafurahia. Nina sababu. Marekani palikuwa na mtoto aliyeitwa William James Sidis, aliyezaliwa 1898. Alipokelewa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1909 akiwa na miaka 11, na mwanzoni mwa 1910 akatoa mhadhara wa hisabati mbele ya wanachuo na maprofesa. Baba yake, mtaalamu wa saikolojia, aliwaeleza watu waziwazi jinsi alivyomlea, na magazeti yakamfuata mtoto kila alipokwenda. Alipokua akakimbia umaarufu, akawa anafanya kazi ndogo za ofisini na kukusanya tiketi za tramu, jambo alilolipenda kwa dhati. Mwaka 1937 jarida la The New Yorker likamtafuta, likaandika makala ya kumcheka: chumba chake kidogo cha Boston, kazi yake, hata namna anavyocheka. Kichwa cha makala kilichezea siku yake ya kuzaliwa, Aprili mosi, siku ya wajinga. Aliwashtaki. Mahakama ya rufaa mwaka 1940 ilikiri kwamba makala haikuwa na huruma, lakini ikaamua kwamba mtu aliyewahi kuwa gumzo la watu bado ni habari. Akafa mwaka 1944, ana miaka 46. Sisemi binti yako atafika huko. Nasema waliomcheka ukubwani ni watu wale wale waliompigia makofi utotoni, na yeye hakuomba makofi wala kicheko.

Kuhusu kaka yake nina uchungu zaidi, na niseme wazi kwamba kwa sasa yeye ndiye wa kuangaliwa kwanza. Yuko darasa la saba. Mtihani wa taifa ni Septemba. Kwa mtu wa Morogoro jina la Kilakala si la mbali. Ni shule ya vipaji maalumu iliyo hapo hapo mkoani kwenu, na Mzumbe ya wavulana pia ni ya mkoani humo. Nafasi ni chache, na wengi wa watoto wa nchi hii, wakiwemo wenye vichwa vizuri tu, wanasoma shule za kata. Kumwambia kijana aliyebakiza miezi michache kabla ya mtihani kwamba mdogo wake ni wa Kilakala na yeye ni wa mbuzi, ni kumtangazia matokeo kabla hajaingia chumba cha mtihani. Na ona linavyomrudia binti: akili zake zimegeuzwa fimbo ya kumchapia kaka anayempenda. Sitashangaa ikiwa sehemu ya kufuta kwake inatoka hapo. Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe liliacha kutangaza orodha ya wanafunzi bora na shule bora mwanzoni mwa 2023. Nanyi futeni ya nyumbani. Kaa na kijana wako peke yake, umwambie kwamba ulisikia kilichosemwa, kilikuwa kibaya, na hukukubaliana nacho. Asiachiwe afikiri mama naye alikuwa anacheka.

Mume wako nimemwelewa. Hofu ya kijicho ni ya kweli kwa watu wetu, na baba anayemshusha mtoto ili asitazamwe vibaya anafanya hivyo kwa mapenzi. Ila amechagua maneno yanayomwambia msichana wa miaka 9 kwamba akili zake zitamnyima ndoa. Mgeni ataondoka na kuyasahau. Binti atabaki nayo. Mtu akimsifia mtoto, baba aseme "Mashaallah, Mungu amkuze", kisha aulize habari za watoto wa mgeni. Kijicho kinakingwa vizuri tu kwa namna hiyo, bila mtoto kulipa chochote. Na kama kikombe kweli hajui kukiosha, afundishwe, yeye pamoja na kaka yake. Hilo la yai mjibu hivi: mtoto anayeweza kumjibu baba yake kwa utani hajawa yai, mruhusu amjibu. Baba akisema "kuosha kikombe hajui", binti awe huru kusema "na wewe baba kukunja shuka hujui", wote wacheke. Asipoweza kuvumilia jibu, basi ajue kwamba ule haukuwa utani.

Jina la Profesa mwamue pamoja na mwenye jina. Muulize: unalipenda? Huenda analipenda kwa babu na halitaki kwa watoto wa mtaani. Mfuate anavyotaka. Kinachoniudhi mimi katika majina haya ni kwamba mtoto haulizwi tena kitu kingine. Kila anayepita anamtaka hesabu. Hakuna anayemuuliza amekula nini, nani rafiki yake, anaogopa nini usiku.

Umeniuliza umzungumzieje. Kwa kifupi, sema ukweli mdogo na uishie hapo. "Anapenda kusoma, Alhamdulillah." Yatosha. Kuna namna mbili ambazo akina mama tunaziona za unyenyekevu na kumbe si hivyo. Ya kwanza ni ya mume wako, ya kumshusha. Ya pili nimeisikia mara nyingi kwenye vikoba: "Jamani wangu ananichosha, hataki kulala, usiku kucha vitabu, nifanyeje mie?" Aliyekaa pembeni ana mtoto wa darasa la tano asiyejua kusoma vizuri, anahangaika na tuisheni, na ukimwangalia utaona anavyotazama chini. Yeye haoni taabu yako hapo. Anasikia unavyojisifu huku ukilalamika. Ukiwa na taabu ya kweli, na wazazi wa watoto hawa wanazo, kwa sababu mtoto anayeuliza kifo ni nini usiku wa manane anachosha kweli, mtafute mtu mmoja wa kumwambia kwa siri. Usimwage mbele ya kikundi.

Na nyumbani msiogope kumsifu. Najua wapo watakaokwambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Linalotia maji tembo ni kile unachokisifu. Mwaka 1998 watafiti Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa darasa la tano. Baada ya mafumbo mepesi, wengine waliambiwa wamefaulu kwa kuwa wana akili, wengine kwa kuwa wamejitahidi. Waliosifiwa akili wakaanza kuchagua kazi rahisi zisizowaaibisha, na walipokutana na mafumbo magumu, yaliyofuata wakayafanya vibaya kuliko mwanzo. Wapo hata waliodanganya walipoulizwa wamepata alama ngapi. Kwa hiyo mwambie binti, "Nimeona ulivyolirudia lile swali mpaka likakubali." Kaka yake mwambie hivyo hivyo, kwa kuwa sifa ya juhudi inawatosha wote wawili bila kupimana.

Kwa mwalimu nenda wewe, tena kwa adabu, muda ambao hana darasa. Usiende na lawama ya neno "bosi". Nenda na daftari. Mwinulie karatasi kwenye mwanga kama ulivyofanya mwenyewe, umwache aone kwa macho yake. Mwalimu yeyote mwenye moyo akiona jibu sahihi limefutwa hatahitaji kuelezwa mengi. Kisha mwombe mambo mawili: amtafutie maswali magumu zaidi akimaliza kazi, na aache kumfanya mwalimu msaidizi wa wenzake, maana hapo ndipo ubosi unapozaliwa. Na upande wenu mna kazi pia. Binti afundishwe namna ya kumsahihisha mkubwa: anyooshe mkono aulize, "Mwalimu, hapa sijaelewa, imekuwaje?" au asubiri kipindi kiishe amfuate. Kuwa na jibu sahihi hakumpi ruhusa ya kumuaibisha mtu mbele ya watoto wengi, na hilo miaka 9 inatosha kulielewa. Kama hamjamweleza, si haki kumlaumu.

Nikupe na la kucheza nalo. Jioni tegeaneni vitendawili, nyumba nzima, na bibi yao awepo. Huu ni mchezo ambao kutojua kumewekewa nafasi yake: aliyeshindwa anatoa mji, anayetega anautembelea mji huo na kusimulia raha alizozikuta, wote wanacheka, kisha jibu linatolewa. "Kuku wangu katagia mwibani" binti atasema nanasi kabla hujamaliza. Lakini bibi anavyo ambavyo havimo katika kitabu chochote cha shule, na Profesa atajikuta anatoa Dodoma, anatoa Tanga, anatoa Kigoma. Mtoto kama huyu anahitaji sana mahali pa kushindwa huku watu wakimcheka kwa mapenzi, na papo hapo anapata zamu ya kutega na kucheka yeye. Kaka mtu atunge vyake vya baiskeli au vya mpira. Mdogo wao naye asiachwe nje kwa sababu ya umri.

La kurushwa darasa sikatai. Marekani, ambako wamewafuatilia watoto waliorushwa kwa miaka mingi, wengi wao walifanya vizuri kimasomo, na mtoto anayekaa mwaka mzima akisubiri wenzake naye anaumia. Lakini sasa hivi, hapana. Mkimrusha leo, atapelekwa kwa watoto wakubwa akiwa bado anaamini kwamba kujua kunachekesha watu, na kule atafuta zaidi. Tulizeni nyumbani kwanza, mwalimu apewe muhula mmoja. Daftari likianza kuonyesha majibu yasiyofutwa, nendeni wazazi wote wawili kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma, mzungumze, na binti aulizwe anataka nini kabla hamjasaini chochote. Likiendelea kufutwa hata baada ya hayo yote, msisubiri mwaka uishe. Mwombeni mwalimu wa ushauri nasaha pale shuleni akae naye, na kama hayupo, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu wapo wanaoshughulika na watoto.

Shangazi yako